Yeye ni Fundi Cherehani

14 Januari

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima, goti limekupa nafuu, na wateja bado wanakuletea vichwa vyao. Mimi sijambo, ila mafua kidogo ya vumbi la chaki.

Nimefika kwenye shule niliyopangiwa mazoezi ya kufundisha. Wenzangu chuo kimewapeleka wawili wawili, mimi nikawa ziada, nikaletwa peke yangu. Nimepewa Kiingereza cha kidato cha kwanza, na chumba nyuma ya maabara chenye kitanda, ndoo na dirisha linalotazama ukuta.

Hapa kuna sheria kwamba ukishavuka lango ni Kiingereza tu, mwanafunzi kwa mwalimu. Nilidhani nitafurahi. Kumbe nikiingia ofisi ya walimu, wote kimya. Juzi mwalimu wa hesabu alikuwa anasimulia kisa, watu wanashika mbavu, akaniona mlangoni, akafunga mdomo na kushika kalamu. Wanaogopa nitawasahihisha. Mimi, Baba, ninayetetemeka mbele ya watoto wa kidato cha kwanza! Siku nzima sizungumzi na mtu mzima zaidi ya kuamkiana.

Linalonipa moyo ni moja. Mazoezi yakiisha nitaomba kupangiwa shule ya hapo nyumbani. Tangu Mama atutoke, nikikufikiria unakula peke yako, tonge halinipiti. Chumba changu usikiguse. Vumilia kidogo, tutakuwa wawili tena.

Mwanao,
Kasuku

27 Januari

Kwa binti yangu Kasuku,

Marahaba, mwanangu, marahaba sana. Barua yako nimeisoma mwenyewe, kisha nikamsomea mteja aliyekuwa kitini na povu masikioni. Hakuwa na pa kukimbilia. Goti lipo, linatabiri mvua kuliko redio.

Hao walimu wasikutishe. Mgeni ni mgeni hata akiwa na chaki. Kinyozi mpya naye hupewa kwanza vichwa vya watoto, watu wamtazame. Jaribu kukosea makusudi mbele yao, wakucheke. Mtu uliyemcheka humwogopi tena.

Hapa hakuna jipya kubwa. Kile chumba cha mbele nilichokuwa nikitupia viti vibovu nimekipangisha. Chako sijakigusa. Mpangaji ni fundi cherehani, mtu mzima, mchache wa maneno, amefiwa kama mimi. Cherehani ameiweka barazani, karibu na mlango wangu wa kinyozi, basi siku nzima ni kukata tu, yeye vitambaa na mimi nywele. Jana kanifunga drafti mara mbili mfululizo, na hata hakucheka, jambo lililoniudhi zaidi.

Kula vizuri. Chaki si chakula.

Baba yako,
Kinyozi

16 Februari

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mafua yamepona, nashukuru. Pole na goti, na pole zaidi na drafti.

Ushauri wako niliufuata. Nilikosea makusudi mbele ya mwalimu wa hesabu. Hakucheka. Alinisahihisha kwa upole, akachukua madaftari yake akatoka. Sasa nadhani wanaamini sijui Kiingereza, na bado hawasemi nami.

Darasani kinachonitesa ni neno moja. Kwetu mtu yeyote ni "yeye", basi. Kiingereza hakikubali. Mwanamume ni "he", mwanamke ni "she", na lazima uwe umechagua kabla hujafungua mdomo. Watoto hawachagui, wanaokota lililo karibu. Mmoja kaniandikia kwamba mama yake ni "he" na anafanya kazi hospitali, na baba yake ni "she" na ana ndevu. Nimesahihisha mpaka kalamu nyekundu imenikaukia.

Nimefurahi umepata mwenzako wa drafti. Msalimie sana huyo mzee fundi. Wazee wawili wafiwa na jiko moja, sijui nani anaunguza zaidi.

Jioni za hapa ni ndefu. Watoto wakishaondoka tunabaki mimi na mlinzi, na mlinzi ana redio yake. Lakini najua na wewe huko, mpangaji akishafunga mlango wake, unabaki na wako. Nikikaa kula najisemea, saa hizi na Baba anakula peke yake. Basi nakuwa kama nimekula na wewe.

Mwanao,
Kasuku

2 Machi

Kasuku wangu,

Marahaba. Sisi wazima.

Hilo la baba mwenye ndevu limenivunja mbavu, nimewasimulia wateja wote na mmoja karibu nimkate sikio. Lakini niambie, hao Waingereza wana haraka gani? Mtu hata hajasemwa kafanya nini, tayari keshatangazwa ni wa kiume au wa kike. Lugha yetu ina stara. Unaweza kumzungumzia mtu mwaka mzima na mambo yake yakabaki yake.

Fundi amepokea salamu. Alicheka, kisha akanitazama kwa jicho ambalo sikulipenda. Ameniagiza nikuandikie jambo, nami nimekubali kwamba nitaandika. Nitaandika. Leo wateja ni wengi.

Walimu wape muda.

Baba yako,
Kinyozi

21 Machi

Mpendwa Baba,

Shikamoo! Leo nakuandikia nikiwa na furaha, kwa hiyo ukiona mwandiko unakimbia usishangae.

Mkufunzi wa chuo alikuja Jumanne bila taarifa. Akajibana kwenye dawati la nyuma, miguu yake mirefu ikatokea upande wa pili. Somo ni lile lile la "he" na "she". Nilikuwa nimeandaa picha, kwa haraka ya kuzitoa zikamwagika sakafuni. Nikageukia ubao nikachora kilichokuwa karibu na moyo wangu, wewe na mkasi wako, na kando yako mzee mwenye kipara na miwani, mguu juu ya pedali. Nikaandika: He is a tailor. Yeye ni fundi cherehani.

Baba, darasa liliamka! Wakaanza kuuliza wenyewe, kwa Kiingereza, bila kusukumwa. Ana watoto? Anapenda nini? Anamshinda baba yako? Nami kila jibu nilianza na "he", na wao wakarudia. Mkufunzi kaandika kwenye ripoti kwamba mfano wangu ulikuwa hai, umetoka kwenye maisha. Nimepasi. Kwa kipindi kizima nilisahau kwamba hapa sina mtu.

Nikatamani kumwambia mtu. Nikaingia ofisini, wakanyamaza. Basi nakwambia wewe. Mwezi ujao chuo kitatuuliza tunataka kupangiwa wapi, na jibu langu unalijua.

Mwanao,
Kasuku

30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hongera sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa.

Wewe ndiye mwalimu, na mimi shule niliiacha njiani. Lakini hiyo sentensi yako ya ubaoni ina kosa. Futa. Andika: She is a tailor.

Nilipaswa kusema siku ile ulipomwita mzee. Yeye mwenyewe aliniambia niseme. Nikajificha nyuma ya stara ya Kiswahili nikijua kabisa ninachofanya, na kadiri ulivyofurahi ndivyo nilivyozidi kuogopa. Watu hukaa kwenye kiti changu wakanieleza ya nyumbani kwao, nikawapa ushauri mzuri tu. Kinyozi hajinyoi, binti yangu.

Basi ni hivi. Tunataka kuoana, bila makelele, ukimaliza mazoezi na ukiwa umekaa pale mbele. Hajachukua nafasi ya mama yako. Yeye anamzungumzia marehemu wake, mimi namzungumzia mama yako, na tukimaliza tunapanga drafti. Tangu aje, nyumba hii ina sauti.

Niandikie upesi, hata kama ni kunisema.

Baba yako

25 Aprili

Kasuku,

Hujambo? Sijapata barua. Nimeulizia posta, wanasema hakuna kilichopotea.

Kama unaumwa, mwambie hata huyo mlinzi aniandikie. Kama huumwi, basi nimeelewa, ila niandikie kwamba nimeelewa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi siku hizi usingizi wangu ni mwepesi.

Baba

2 Juni

Mwanangu,

Fundi amehama.

Sikumfukuza. Alikuwa ananiona ninavyotoka mlangoni kila mtu wa posta akipita, na ninavyorudi. Jumatatu alikunja vitambaa vyake akaniambia, "Mimi sikuja hapa kumtenga mtu na mwanawe." Nilipaswa kumzuia. Nilisimama na mkasi mkononi, mteja nyuma yangu kichwa nusu. Mkokoteni ukaja ukabeba cherehani.

Viti vibovu nimevirudisha chumba cha mbele. Sikuandikii kukulaumu. Nakuandikia kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia.

Baba

9 Juni

Baba,

Shikamoo. Sikuumwa. Nilikuwa naandika na kuchana.

Nilitaka kukuandikia kwamba ni kwa ajili ya Mama. Ingekuwa sababu ya heshima, na mtu asingenijibu. Lakini si kweli. Mama angekucheka tu kwa kujificha kwako.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nauvumilia upweke wa hapa kwa kudhani tunaugawana. Kila jioni nilikaa kula na wewe, na wewe hukuwepo. Ulikuwa unacheza drafti na mtu. Nikajiona niko peke yangu kweli, tangu siku ya kwanza, na hata wa kuwa mpweke naye sina. Nilikuonea wivu, Baba. Baba yangu mzazi, nimekuonea wivu kwa kupata wa kuzungumza naye. Hasira yangu yote ni hiyo.

Na kwa hasira hiyo nimefanya jambo. Chuo kilipouliza tunataka kupangiwa wapi, niliandika hapa hapa. Mwalimu mkuu amenikubali, chuo kimekubali, na haibadilishwi. Si kwamba napapenda. Nilitaka uumie. Nimeipata barua yako ya mkokoteni siku ile ile niliyoambiwa nimekubaliwa, nikakaa kitandani nikalia mpaka mlinzi akazima redio kusikiliza.

Mfuate, Baba. Mwambie mimi nimesema arudi.

Mwanao,
Kasuku

24 Juni

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Goti halijambo, moyo nao unajitahidi.

Sijakasirika. Nimeona haya. Barua zako zilikuwa na vichekesho, nikavichukua vichekesho nikawasimulia wateja, na yaliyobaki nikayaacha kwenye karatasi. Ulikuwa unaniambia tangu Januari. Kuhusu kituo, kazi ni kazi. Usihangaike kurudi kwa ajili yangu.

Nilimfuata Fundi. Amepanga nyuma ya ghala la nafaka, cherehani imebanwa kati ya kitanda na mlango, ukiingia unapita kiubavu. Alinikaribisha vizuri. Akanitilia chai. Akaona kifungo cha shati langu kinaning'inia, akakishona nikiwa nimelivaa. Nikampa ujumbe wako. Akakata uzi kwa meno, akasema, "Mwambie binti yako ahsante. Lakini mimi si kifurushi, nihame kwa barua ambayo haikuja na nirudi kwa barua iliyokuja. Tena hiyo iliyokuja si yangu, ni yako." Ana haki. Nilikwenda tena wiki iliyofuata, jibu likawa hilo hilo, na chai ile ile.

Basi jioni nakula peke yangu. Sasa tuko sawa, mwanangu, wewe huko na mimi hapa, na faida yake sijaiona.

Baba yako,
Kinyozi

3 Julai

Kwako Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kazi inakwenda. Nimeandika kwenye bahasha "Fundi, nyuma ya ghala la nafaka", nikitumaini mtu wa posta atakuletea wewe na si Baba. Baba hajui kama nimekuandikia.

Hunijui, na mimi nilikujua vibaya. Nilikuchora ubaoni na kipara. Leo nimewaambia wanafunzi kwamba mwalimu alikosea, wakacheka sana, wakaandika upya kwa usahihi. Kisha mmoja akauliza sasa unaishi wapi. Nikasema umehama. Akauliza kwa nini, kwa Kiingereza safi kabisa, na mimi mwalimu nikakosa jibu kwa lugha yoyote.

Sikuandikii kukuruhusu. Ile niliyotuma kwa Baba, kwamba nimesema urudi, haikuwa yangu kuituma, na ulifanya vizuri kuikataa. Nakuandikia kukuomba radhi. Ulimwambia Baba aseme ukweli mapema, yeye akaogopa, na mimi nikanyamaza, na aliyebeba vitu vyake akatoka ni wewe, ambaye hukukosea. Nilikuwa mpweke, Mama. Nilidhani nikinyamaza nitamwumiza mtu mmoja tu.

Mimi sitakaa tena nyumbani, kazi imenipata huku. Nikimfikiria Baba kwenye chumba kile na viti vile, silali. Lakini hilo ni letu mimi na yeye, sitaki likulazimishe.

Shule inafungwa mwezi ujao. Nikishuka kwenye basi nitakuja kwako kwanza, kabla ya kufika kwa Baba. Nitabisha hodi. Ukiwa na kazi nitasubiri nje. Usipotaka kuniona nitaondoka, wala sitamwambia Baba kwamba ulinifukuza.

Sijui nikuite nani. Hapo juu niliandika Mama, nikakata, nikachukua karatasi nyingine nikaandika tena.

Mwanao, ukikubali