Wigo Umesogezwa, Mama

Mama,

Shikamoo. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba barua huanza kwa kujuliana hali, lakini leo utanisamehe. Nina hasira, na nikianza kuzungukazunguka itapoa. Sitaki ipoe. Wamesogeza wigo wa makaburi pale kanisani kwetu, na sasa kaburi lako liko ndani. Wanasema umesamehewa.

Umesamehewa! Na nani? Nilipoambiwa nilikuwa nimeshika birika la chai ya moto, na namshukuru Mungu kwamba sikulimwaga mahali nilipotamani kulimwaga.

Mwanzo wa kanisa lile naujua kwa maneno yako, si kwa macho yangu. Ulinisimulia jinsi wanaume wa kijiji walivyokwenda kutafuta kazi Nyasa, wakarudi na blanketi, baiskeli na Upresbiteri. Songea nzima ilikuwa inatushangaa. Watu wakikuuliza, "Nyie ni dini gani hiyo?" ulikuwa unacheka na kujibu, "Dini ya wazee," kwa sababu kwetu hakuna askofu, mambo yote wanaamua wazee wa kanisa. Ulichota maji mtoni ya kufyatulia matofali, mlima wote ule, nami nikiwa tumboni. Wanawake ndio mlioyabeba maji yote. Jiwe la pale mlangoni limeandikwa majina ya wanaume tu. Nilikuonyesha nilipojua kusoma, ukasema maji hayaandikwi kwenye jiwe, tukaenda zetu nyumbani.

Wigo wa minyaa kule makaburini waliupanda kuzuia nguruwe pori wa Matogoro. Kwa hilo sina neno. Neno langu ni pale walipoanza kuutumia kuzuia watu.

Baba alipofariki alizikwa ndani ya wigo, mzee wa kanisa na heshima zake zote. Wewe ukabaki na sisi, shamba dogo na karo. Ukaanza kupika pombe, komoni ya ulezi. Kijiji kizima kilikunywa, na wazee wa kanisa hawakuwa wa mwisho kwenye foleni, ila wao walituma watu. Kisha Jumapili moja Mzee Haule, rafiki kipenzi wa baba, akasimama mbele na kutangaza: "Mama Tabita ametengwa na Meza ya Bwana mpaka aache pombe na kutubu." Nilikuwa nimekaa ubavuni kwako.  Tulipofika nyumbani ulibadilisha kitenge, ukakoroga chungu na kusema, "Mtoto hasomi kwa toba." 

Kinachonichoma mpaka leo ni mkate.

Unakumbuka Jumamosi za kabla ya Meza? Mzee Haule alipita nyumba kwa nyumba akigawa vile vipande vya bati, kila anayeruhusiwa kushiriki apate chake cha kuingilia mezani kesho. Nyumba zote alibisha hodi mlango wa mbele. Kwetu alizunguka nyuma, akakohoa penye mlango wa jiko. Bati hakuwa nalo. Alikuwa amefuata mkate. Kijiji kizima hapakuwa na mwingine wa kuuoka, wewe tu na sufuria yako, moto chini na makaa juu ya kifuniko. Na miaka ile ya foleni amira ilikuwa haionekani dukani hata kwa dawa, kwa hiyo unga uliuumulia kwa mapovu ya komoni. Mzee Haule alijua. Alikuwa anasimama pale pale penye chungu.

"Umeiva, shemeji?"

"Umeiva, shemeji. Funika vizuri, njiani kuna vumbi."

Akauweka chini ya koti na kuondoka. Kesho yake wewe unakaa benchi la nyuma, karibu na mlango, unaangalia mkate wako unamegwa, unapita mkono kwa mkono, unafika kwa aliye mbele yako, unaishia hapo. Nilikuuliza kwa nini usiwanyime. Ulinijibu, "Mkate si wa Haule, mwanangu." Nilikasirika na wewe pia, Mama. Nilitaka uwanyime hata mara moja tu, tuone wangemega nini.

Hukuacha komoni na hukutubu, kwa sababu bado tulikuwa tunasoma. Ulipofariki walikuzika nje ya wigo, kwenye nyasi. "Utaratibu ni utaratibu," alisema Mzee Haule, akiwa ameshika kofia kifuani. Baba ndani, wewe nje, minyaa katikati. Hatukuwa na nguvu ya kubishana na wazee.

Sasa sikia dunia ilivyo. Siku hizi kila kitu ni ruksa. Maduka yamejaa, amira ipo ya kila namna, na kila mtu ana biashara yake. Mimi nina mgahawa wangu hapa mjini, Lizaboni, chai na mkate. Mtaa wa pili kuna groseri, kreti za bia zimepangwa hadi darini, redio inalia kutwa. Mwenyewe ni nani? Mzee Haule. Na Jumapili ndiye anayesoma matangazo kanisani! Hakuna aliyemtenga. Kumbe pombe ikitoka kiwandani haina dhambi. Dhambi ilikuwa kwenye chungu chako.

Ndiye aliyekuja mgahawani kwangu. Akaagiza chai, akanywa yote, ndipo akasema.

"Binti yangu, makaburi yamejaa. Tumekaa wazee tukaamua wigo usogee. Mama yako sasa atakuwa ndani."

"Kwa sababu makaburi yamejaa?"

"Na tumemsamehe. Yale yalikuwa mambo ya zamani." Kisha akapangusa mdomo. "Siku ya kuombea eneo jipya kutakuwa na Meza ya Bwana. Tunaomba utuokee mkate. Ule wa mama yako ulikuwa mtamu."

Nilimwambia nitaoka. Nadhani hata yeye alishangaa.

Nilioka kwa sufuria yako, Mama. Amira niliiacha kabatini. Nilikwenda kwa Bi Elina, shoga yako, bado anapika komoni kwa ajili ya wageni wa harusi, nikachukua mapovu. Jumapili nikauweka mezani, na mchungaji alipotaka kuumega nikasimama. Mchungaji mwenyewe ni kijana, ametoka Mbeya juzijuzi, hajui historia yetu.

"Kabla hamjala," nilisema, "mjue mkate huu umeumuliwa kwa komoni. Na ule wa mama yangu ulikuwa hivyo hivyo, miaka yote mliyomtenga. Mzee Haule alikuwa anaufuata mlango wa jikoni."

 Mchungaji akauliza kama ni kweli.  Bi Elina ndiye aliyejibu kutoka upande wa wanawake: "Kweli tupu. Ulezi tulikuwa tunasaga naye, na wote humu tulikula."

Mchungaji akaumega. Mkate ukapita. Safari hii nilikaa benchi lako la nyuma, na ulinifikia. Ulipomfikia Mzee Haule alichukua kipande akala, kama alivyokuwa anakula siku zote. Sikuona raha yoyote. Nilifikiri nitaiona.

Baadaye, makaburini, akanifuata. Mkono wake ni mifupa mitupu sasa. "Binti yangu, basi tusameheane."

Nikamwambia, "Shikamoo, mzee wangu. Mimi hukunitenga. Aliyetengwa ni huyu hapa, na hajawahi kuomba msamaha wenu. Ninyi ndio mmuombe. Mimi siwezi kuupokea kwa niaba yake."

"Na yeye nitampata wapi?"

Alikuwa ameshageuka anatazama lile eneo jipya, na nadhani alijijibu mwenyewe. Ndani ya wigo wa zamani hapaingii hata kaburi la mtoto. Upande huu mpya uko wewe peke yako. Na katika wazee wote, mkongwe ni yeye.

Kwa hiyo, Mama, jiandae kwa mgeni. Barua hii naiacha wazi, aisome anayetaka, hata yeye. Kusamehe au kutosamehe ni juu yako, mimi sitakuingilia, ingawa ungeniuliza ningekwambia usiwe na haraka. Ninakuomba jambo moja tu. Akija akaanza kukohoa kule nyuma, usifungue. Mwambie azunguke abishe hodi mbele.

Lala salama,
binti yako uliyembeba pamoja na maji.