Boneti ya Moto

Jumanne

Hapana, ile boneti ilikuwa ya moto. Shemeji Massawe aliapa gari lake la Kimarekani halijawashwa tangu jana. Mtu hapashi injini moto kabla hujafika kama hana anachoficha; injini mbovu hujulikana ikiwashwa ikiwa baridi.

Kwenye barabara iliyonyooka aliliacha mbali gari langu la Kijerumani, sikatai. Mjerumani ni wa kona. Nilipotaka tukajaribu kona za Upanga, akasema, "Shem, mafuta yameisha."

Na bado anang'ang'ania tubadilishane, gari kwa gari. La kwangu hata hakulikagua.

Ninachoogopa ni yule fundi wangu wa mtaa wa Gerezani. Juzi alinizimia taa ya injini kwenye dashibodi bila kutengeneza ubovu wenyewe, leo nimemkuta anacheka na shemeji. Kama ameshamwambia, na shemeji bado anataka tubadilishane, basi lake ni bovu kiasi gani?