Sauti Yako Bandani

Lulindi, Jumatatu

Mwanangu Chrispin,

Huku nyumbani sote wazima. Mikorosho imechanua vizuri, na mdogo wako Queen amenizidi urefu. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ningelia.

Jumamosi mchana Queen alinipeleka kwenye banda la video kuangalia filamu uliyoitafsiri kwa sauti yako, ile sehemu ya pili ya shujaa anayeruka kutoka dunia moja hadi nyingine. Baba yako akatufuata kuchukua ufunguo wa nyumba. Unajua mwenyewe, tangu uache chuo cha ualimu, huu mwaka wa nne, hajataja jina lako. Alipofika mlangoni akasikia sauti yako, akasimama palepale.

Shujaa alikuwa ameingia kwenye dunia ambayo baba yake hajafa. Akamkuta uani anatengeneza baiskeli. Ukamsemea shujaa, "Shikamoo, Baba. Nimechelewa kurudi."

"Marahaba, mwanangu," baba yako akajibu kwa sauti, mbele ya watu wote.

Vijana wakacheka. Yeye akavua kofia, akakaa kwenye benchi hadi filamu ikaisha.

Njiani aliniuliza kama maneno yale yamo kwenye filamu au uliyatia wewe. Nikamwambia sijui. Jana, tulipotoka kanisani, akaniomba namba yako. Anasema atakupigia Jumapili ijayo. Pokea, mwanangu. Akinyamaza, usikate simu. Mngoje tu, ataongea.

Ni mimi mama yako,
Yuliana