Tantine, Wachimbaji Walituangazia Jukwaa

Mpendwa Tantine, shangazi yangu,

Huko uliko, kaa vizuri kwanza. Nina habari isiyoweza kukaa kifuani peke yake.

Unakumbuka nilivyoichukia teatre yako, michezo yako ya jukwaani? Kila Jumamosi ulinivuta mpaka ukumbi wa parokia, mi nikinuna, simu mkononi. Nilikuambia filimu ina magari, ina moto, ina Ulaya. Teatre ina nini? Ina weye na kitenge cha kuazima! Ukanijibu tu, "Filimu haikuonaka. Miye niko nakuona." Nilikucheka.

Kisha siku moja ukaingia jukwaani umejikunja, bibi kizee anayetafuta nyumba yake, nami nikasahau kabisa kwamba ni weye uliyenipikia bukari, ugali wetu, mchana. Ukumbi mzima ulinyamaza pamoja, bakubwa na batoto. Nilisikia hata jirani yangu akipumua. Tangu siku hiyo simu ilikaa mfukoni.

Ulipotuacha, komite ya parokia ilitaka ukumbi uwe wa sherehe za ndoa tu. Sisi wa kundi lako, nami sasa nikiwa mmoja wao, tuliomba mchezo mmoja. Rais wa komite akasema, "Batu bakibaki mpaka mwisho, mutaendelea. Bakitoka, basi." Tantine, sikulala vizuri wiki nzima.

Tukacheza ule mchezo wako wa mke anayemsubiri mumewe aliyenaswa kwenye shimo la mgodi lililoporomoka. Mke ni mi! Mabenchi ya mbele yalijaa wachimbaji wa mgodi wa Mutoshi, wametoka kazini moja kwa moja, vumbi mpaka kwenye kope. Katikati ya kilio changu, paf! Umeme ukakatika. Nikasikia mabenchi yanasogezwa, batu banasimama, nikajua tumekwisha.

Mara mwanga ukanipiga usoni. Mchimbaji mmoja alikuwa amewasha taa yake ya kichwani. "Endelea, mama! Bwana yako eko wapi?" Wenzake wakawasha pia. Loo! Anayesema, vichwa vyote vinamgeukia. Nikipiga magoti, mwanga unashuka nami. Waliosimama wakakaa. Hakuna fundi wa taa ambaye angeweza kutufanyia hivyo, maana hao wanalijua shimo kuliko sisi tunaolicheza.

Mwishoni, unajua, mke anamwita mumewe shimoni na hakuna anayejibu. Ndivyo ulivyoandika. Nikaita, "Tata Ilunga! Unanisikia?"

Na ukumbi mzima ukajibu, "Eeeh! Tuko huku, mama!"

Tantine! Nililia machozi yangu mwenyewe, si ya yule mke, na sikuona haya. Hakuna hata mtu mmoja aliyetoka. Rais wa komite alikuwa amepanda juu ya benchi, anaita pamoja nao mpaka sauti imemkauka.

Umebadilishiwa mwisho wa mchezo, na ukumbi ni wetu.

Pumzika kwa furaha,
Mutoto wa kaka yako