Kwa Papa Anselme, Aliyetuwekea Muziki Tusioujua

Papa Anselme,

Ni miye, Mama Zawadi wa Burungu. Barua zangu zote ulizisoma mbele ya mikro ya redio. Hii najua hutaisoma, lakini mkono umezoea kukuandikia.

Habari ya kifo chako niliisikia kwenye redio yako mwenyewe. Nilikuwa napalilia viazi, redio nimeitundika kwenye uzio. Kijana wa redioni akasoma komunike, lile tangazo la vifo: Papa Anselme, mtangazaji wetu wa zamani, alikwenda Kalembe kurekodi wahunzi, akarudi na homa, homa ikamchukua. Kisha, bila hata kuvuta pumzi, ukaja wimbo wa harusi uleule waliouweka asubuhi. Nilizima. Nikakaa chini kati ya matuta. Hawakukuwekea hata gitaa moja.

Barua yangu ya kwanza nilikuandikia nimekasirika, unakumbuka. Kila siku ya nne ya juma, saa tisa ya mchana, ukishamaliza komunike za watu waliopotezana wakati wa kukimbia, ulikuwa unaweka muziki wa roki, zile kaseti za padri aliyerudi kwao akakuachia katoni nzima. Nikaandika: "Papa, ile kelele ya juzi njo nini? Mbuzi yangu imekata kamba." Ukaisoma hewani, ukacheka mpaka ukakohoa. Kisha ukasema: "Mama Zawadi, nitaiweka tena. Iko na dakika kumi na saba. Weka maharagi ku moto. Ngoma uziache. Fuata gitaa ya chini peke yake, ile ya sauti nene, uone itakupeleka fasi gani."

Niliweka maharagwe kwa hasira. Nikaifuata ile gitaa. Ilikwenda polepole, ikapotea, nikadhani imekwisha, mara ikatokea upande ambao sikuutazamia, na mimi nimesimama na mwiko mkononi, maharagwe yanaungua. Mume wangu alikula akinung'unika.

Tangu hapo sikukosa siku ya nne hata moja. Hatukujua utatuwekea nini. Mara gitaa, mara filimbi za nchi fulani ya baridi, mara watoto wa shule wakipiga madebe. Siku nyingine ulisema, "Hii hata miye sijaipenda bado. Tuisikilize pamoja." Hakuna mtu mwingine wa redio aliyewahi kutuambia hivyo.

Kisha vita ikafika Burungu, tukawa kambini upande wa Kitchanga, chini ya mahema. Mama mkwe wangu, Koko Mariya, aliacha kusema. Si ugonjwa, alifunga mdomo tu, miezi miwili. Ukaja kwa miguu, mashine ya kurekodi umeifunga ndani ya plastiki kwa sababu ya mvua. Watu walidhani utauliza habari za vita. Wewe ulichuchumaa mbele ya Koko ukamwuliza namna gani wanawake wa Burungu wanasaga mtama. Kisha akaazima jiwe la jirani, akaanza kusaga bila mtama, akaimba. Alipomaliza akanyamaza tena.

Siku ya nne iliyofuata uliiweka sauti yake hewani, katikati ya nyimbo mbili za gitaa. Tulikuwa tumezunguka redio, watu wa mahema sita au saba. Koko akainua kichwa. Akasema, "Uyu mwanamuke anaimba muzuri. Iko wa wapi?"

Nikamwambia, ni weye, mama. Akakataa. Tukabishana. Akacheka. Tangu siku ile hakunyamaza tena mpaka alipokufa, na kuna siku tulitamani anyamaze kidogo. Nilisema nitakuandikia kukushukuru. Tukakimbia tena, karatasi ikabaki. Papa, hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa, tangu uache mikro, redio yako iko na kompyuta. Nyimbo hazifiki arobaini. Mjukuu wangu anazijua kwa mpangilio: ule wa harusi, ule wa bia, ule wa kijana anayelia, kisha wa harusi tena. Ukienda shamba na kurudi, hujapitwa na kitu. Baada ya kifo chako sikuweza kuvumilia, nikapanda mpaka redioni. Mkurugenzi sasa ni kijana anaitwa Patient. Alinipa kiti, akasema kwa heshima, "Mama, liste ya nyimbo inatoka Goma. Na njo ile batu wanapenda." Nikamwuliza, "Mulituuliza siku gani?"

Nikaomba kaseti ya Koko. Akanipeleka kwenye stoo. Katoni yako ilikuwa sakafuni, chini imelowa, wanangoja kuitupa. Kaseti niliipata, Papa, na mwandiko wako juu yake: *Koko wa Burungu, akisaga.* Utepe umeota ukungu, umeshikana, haufunguki. Nililia palepale, mtu mzima kama mimi. Patient alisimama mlangoni hajui aweke wapi mikono. Mwishoni akasema, "Mama, zile zingine zinaweza kupona. Lakini hapa hakuna mwenye kuzijua. Kuja weye. Siku ya nne, nusu saa hewani."

Juma lililopita nilienda. Niliweka wimbo mmoja mrefu, nikawaambia watu waweke maharagwe, kisha nikaacha muziki useme. Mtu wa pikipiki akapiga simu kutoka njia ya Walikale, amesimama kwenye matope, anauliza huyo mwenye gitaa ni nani. Kibandiko cha kaseti kimefutika. Nikamwambia ukweli, sijui, tutatafuta wote.

Pumzika vizuri, Papa Anselme. Nakushukuru kwa ajili ya Koko, na kwa ajili yangu. Nakuahidi sitaweka zile ninazozipenda peke yake. Kuna kaseti moja ya bluu isiyoandikwa kitu. Nimeipangusa, nimeikausha juani, sijaisikiliza. Nitaisikia siku ya nne, saa ileile watakayoisikia wao.

Mama Zawadi