Uso wa Kilio

Furaha mjukuu wangu,

Tangu nisome barua yako, ninasikia njiti ya kiberiti ikikwaruza ndani ya kichupa. Huku Kilibula tuko wazima, babu yako anakusalimu. Lakini weye! Eti nije kwenye arusi yako bila rangi ya midomo, kwa kuwa wakwe zako watacheka bibi anayejipamba?

Mama yangu aliuza ndagala, samaki wadogo wa ziwani, huko Makobola. Rangi yake ya midomo ilipokaribia kuisha, aliichokoa kichupani kwa njiti kila asubuhi. Mimi, msichana wa sekondari, nikamwambia, "Mama, weye uko muzee sasa, unanipatisha haya."

Kesho yake hakupaka kitu. Tulipofika ufukweni, wanawake wenzake waliuona uso wa kilio, mtupu kama wa mfiwa, wakaacha samaki, wakamzunguka.

"Pole, mama. Ni nani alikufa?"

"Mutoto wangu anasema ni minye, mama yake."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nilitazama kikapu chetu cha samaki.

Basi usiniombe hivyo tena. Jana nilinunua rangi nyekundu inayoendana na kitambaa cha kikwembe ulichonitumia, nikaipaka palepale mbele ya muuzaji, nikarudi nyumbani kwa miguu, polepole, kila mtu anione.

Bibi yako