Tope Hadi Dirishani

9 Aprili

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko? Na wagonjwa wako? Sisi wazima, ila kifua cha baba yako bado kinamsumbua, na mto umeshameza bustani ya jirani. Diwani kapita na kipaza sauti, tuhamie shuleni kilimani. Cherehani nimeipandisha juu ya meza, meza juu ya matofali. Baba yako ananicheka: "Unaijengea ghorofa?" Yeye hang'oki. Anasema yeye na mto huu wamekua pamoja.

Mama yako

13 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, ila wodi imejaa na miguu inawaka moto. Redioni wanasema wamefungulia maji ya bwawa. Simu zenu hazipatikani. Tokeni leo, tafadhali. Mwambie baba nimemkasirikia.

Binti yenu

2 Mei

Mwanangu,

Salamu. Mwili wangu mzima. Barua yako imenikuta shuleni, tunalala familia sita darasa moja.

Maji yaliingia alfajiri. Tulitoka tumeshikana mkono, mimi na baba yako. Tulipofika njia panda tukamsikia mama wa duka akiita juu ya paa. Baba yako akasema, "Tangulia, nakuja."

Mama wa duka yupo hapa, mzima. Baba yako walimpata kesho yake, chini ya daraja. Tumemzika huku kilimani, makaburini bado kuna maji. Sikulia. Nguo zake nimezikunja, nimezigawa. Watu wananitazama tu.

Mama yako

11 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Barua niliisoma kazini, nikaendelea kutandika vitanda hadi zamu ikaisha. Ruhusa nimepata, nakuja mwisho wa mwezi. Unakula? Unalala? Mbona husemi unajisikiaje?

Binti yako

19 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nakula. Nalala fofofo, na hilo ndilo linalonitisha.

Nimerudi nyumbani. Ukuta wa jikoni umelala chini, tope limefika dirishani. Mama wa duka huja kila asubuhi na koleo lake, tunazoa bila kusemezana. Jana akasimama, akasema, "Dada, nitukane basi."

Nikamwambia ashike ndoo.

Unauliza najisikiaje. Nimekufa ganzi, mwanangu, kama mguu uliokaliwa. Ukifika usijikaze mbele yangu. Anza wewe kulia, labda nitafuata.

Mama yako